Mkunga wa Masanduku ya Chai

Wapo watakaokusimulia habari zake huku wakijifuta machozi, na wana haki yao, maana wengi wao walivuta pumzi ya kwanza wakiwa mikononi mwake. Mimi nitakusimulia kwa macho makavu. Alizaliwa wapi, baba yake nani, ukoo gani, hayo sikuyajua wala sikuyatafuta. Kule kwetu juu Kilolo, katika ile miaka ya hamsini, kila mtu alimwita Mama Mkunga, hata wazee waliomzidi umri, hata mchungaji. Na duniani kote alikuwapo mtu mmoja tu aliyejua kama nilimuua mwanangu wa kwanza au sikumuua. Mtu huyo alikuwa yeye.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na viganja vyake vilikuwa vikubwa kuliko vya mume wangu. Alipoingia nyumbani kwa mtu hakuanza na salamu. Alianza na maji ya moto. Akitoa sabuni nyekundu ya dawa mfukoni mwa sweta lake, ananawa mpaka kwenye viwiko, anakung'uta mikono, ndipo anasema "Kamwene" kama vile ameingia sasa hivi. Watu wasiomfahamu walimwona hana adabu. Tuliomfahamu tulimwona hana adabu vilevile, ila tulikuwa tumekwisha kumzoea.

Watoto wachanga aliwaamkia kwa heshima na mama zao akawasemesha kama wezi waliokamatwa na kuku. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia kitoto cha wiki moja, "Shikamoo bwana mkubwa, za safari?" halafu akamgeukia aliyekizaa, ambaye bado miguu inamtetemeka, akamwambia, "Na wewe unakodoa macho nini, kaa sawa." Tulicheka. Kliniki ilikuwa ni mahali pa kuchekwa kwa zamu, na kila mmoja aliomba zamu yake ipite upesi.

Siku ya mizani tulikusanyika kwenye baraza la zahanati ya misheni. Mizani ilining'inia kwenye boriti, mtoto anatiwa kwenye kifuko cha kitambaa, anabembea akilia, na Mama Mkunga anasoma uzito wake kwa sauti ili jirani zako wasikie kama unamlisha au humlishi. Lakini uzito haukuwa shida yake kubwa. Kabla hajakuuliza mtoto ananyonyaje, kabla hajamtazama macho wala tumbo, alikuuliza swali moja, lile lile, mwaka hadi mwaka:

"Mtoto yako alilala wapi?"

Jibu alilolitaka lilikuwa moja pia: sandukuni. Ukijibu vinginevyo unarudishwa nyuma ya mstari, mtoto hajapimwa, na wenzako wote wanakutazama.

Haya masanduku lazima niyaeleze. Kilolo kuna baridi, na wakati wa mvua baridi hiyo inaingia mpaka kwenye mifupa. Sisi tulilala na watoto wetu chini ya blanketi moja, karibu na moto, kama tulivyolazwa sisi na mama zetu. Sasa mvua hizo hizo ndizo zinazoleta ulanzi. Mianzi inagemwa, kila nyumba ina chombo kimejaa, na mwanamke aliyelima tangu alfajiri akinywa vikombe viwili anaangukia kitandani kama gogo. Asubuhi anakuta mtoto amepoa ubavuni pake. Tulisema amemlalia mtoto, na neno hilo likitamkwa juu ya mwanamke halitoki. Sitaki kumdanganya mtu: hayo yalitokea kweli. Mama Mkunga ndiye aliyeitwa kila mara, ndiye aliyewavua watoto hao nguo na kuwaosha, na nadhani yalimla moyo. Watu hawawi wakali hivyo bila sababu.

Basi akatafuta njia. Shemeji yake alikuwa mpishi kwenye mashamba ya chai huko Mufindi, na kwenye mashamba hayo masanduku yaliyovunjika kona yalitupwa. Akawa anayaomba. Yalipanda juu ya malori mpaka Iringa, kutoka hapo yalikuja vichwani mwa watu. Aling'oa misumari mwenyewe kwa koleo, akakunja makali ya mabati, akapapasa kila ubao kwa kiganja asije mtoto akachomwa na kibanzi. Ndani majani makavu, juu ya majani gunia lililofuliwa, kisha mtoto na blanketi lake. Kwa miaka mingi watoto wa milima yetu walinuka chai. Jumapili kanisani, ukifumba macho, ungedhani tumekuja kuuza majani.

Mama mkwe wangu hakulipenda sanduku tangu siku lilipoingia nyumbani. Alisema mtoto hatiwi sandukuni akiwa hai. Mama Mkunga alimsikia, akamjibu kwamba ni afadhali lililo juu ya ardhi. Mama mkwe alinuna mwezi mzima, na mimi nilicheka kwa kujificha jikoni. Nilikuwa na mimba ya Yona wakati huo. Nilimpenda sana yule mwanamke siku ile, na ninataka ijulikane kwamba nilimpenda.

Pamoja na sanduku alifundisha namna ya kumlaza mtoto. Alikunja kitambaa kikawa kama kitoto, akakiweka kifudifudi mbele yetu, akakipiga piga mgongoni. Alieleza kwamba mtoto akilala chali maziwa yanarudi na kumkaba, ila akilala kifudifudi yanatoka yenyewe nje. Ndivyo alivyofundishwa na manesi wa misheni, nao ndivyo walivyofundishwa kwao. Kila mama alikuja mbele akakilaza kile kitambaa, na aliyekosea alirudia. Mimi sikukosea. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

Kuhusu ulanzi, aliulaani kuliko mhubiri yeyote. Alisimama mlangoni mwa mtu, mvua ikimnyeshea, akataja vitoto vilivyokufa kwenye bonde letu kimoja kimoja. Kisha jioni, akishanawa, alikaa barazani kwake na kikombe chake cha ulanzi, akanywa taratibu bila kujificha. Kuna siku nilimuuliza, kwa utani, mbona na yeye anakunywa. Akaniambia, "Mimi sina mtoto wa kulalia." Alilisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi, nami sikumtania tena juu ya jambo hilo.

Wala hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya ningemaliza habari yake kwa sentensi tatu. Msichana mmoja alifukuzwa kwao kwa mimba isiyo na mwenyewe, na Mama Mkunga akapanda mlima kwenye ukungu akamzalisha ndani ya kibanda cha kulindia mahindi, akamwachia blanketi lake, akarudi na sweta tu, limemlowa. Wiki ile ile alimfukuza mke wa mzee wa kanisa kutoka kwenye mstari wa mizani kwa sababu mtoto wake hakulala sandukuni. Hakupendelea mtu. Neno lake lilikuwa zito kwa sababu hiyo hasa, na kwa sababu hiyo hasa liliweza kumvunja mtu.

Maana kanisani kwetu mwanamke aliyemlalia mtoto alitengwa. Hakukaribia meza ya Bwana. Alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, mpaka wazee waridhike kwamba ametubu, ndipo asimame mbele ya watu wote atamke kosa lake kwa kinywa chake. Wazee hawakujua lolote la watoto wachanga. Walimtuma mmoja wao kwa Mama Mkunga kuuliza, naye akijibu, imekwisha.

Yona alikuwa wa miezi mitatu. Alikuwa na kicheko cha upande mmoja, anavuta shavu la kushoto peke yake, na baba yake alikuwa anaacha jembe shambani kuja kukitazama. Jioni ile nilikuwa nimekunywa kikombe kimoja cha ulanzi kwa wifi yangu. Kimoja. Nilimnyonyesha Yona, nikamlaza sandukuni, kifudifudi, uso nimeugeuzia upande, nikamfunika, nikalala. Kulipopambazuka nilinyoosha mkono sandukuni nikamgusa, akawa baridi kama ubao wenyewe.

Sasa nilichofanya ni kile ambacho mama yeyote wa kwetu angefanya. Mtoto ana baridi, mtie moto. Nikamtoa sandukuni, nikaingia naye kitandani, nikamkumbatia kifuani, nikavuta blanketi tukajifunika wote wawili, nikamsugua mgongo na kumpulizia mikono. Sikupiga kelele kwa sababu sikuwa nimekubali. Mama mkwe alipoingia kuchochea moto alitukuta hivyo: mimi na mtoto kitandani, chini ya blanketi moja, mtoto amekufa, na mdomo wangu bado una harufu ya ulanzi.

Nilisema alikuwa sandukuni. Nililisema mpaka sauti ikakauka. Mume wangu alisimama mlangoni akimtazama mama yake na kunitazama mimi. Watu wakaja, wakajaa. Kisha Mama Mkunga akaja, akaomba maji ya moto, akanawa. Nikashukuru Mungu. Nilijua sasa amefika mtu wa kuniamini, kwa sababu mimi nilikuwa mwanafunzi wake mzuri.

Alimchukua Yona akampeleka kwenye mwanga wa dirisha, akamgeuza, akamtazama kwa muda mrefu, mgongo wake ukiwa kwetu. Akamfunika uso kwa kanga. Aliporudi hakunitazama. Aliwaambia watu, "Mtoto amelaliwa."

Nilikaa benchi la nyuma toka mvua hizo mpaka mavuno. Sikutaka kutubu. Nitubu nini? Lakini nikashika mimba nyingine, na mama mkwe akauliza mtoto huyu atabatizwa vipi ikiwa mama yake yuko nje ya kundi, na mume wangu, ambaye hakuwahi kuninyooshea kidole hata mara moja, akaniomba kwa upole nimalize jambo hili. Basi nikasimama mbele ya kanisa nikasema, "Nimemlalia mtoto wangu." Wanawake walilia. Mchungaji akanishika mkono. Tangu siku ile usingizi wangu uliharibika, kwa sababu jambo ukilitamka mbele ya watu wote linaanza kufanana na kweli. Nilianza kujiuliza: au nilimtoa kumnyonyesha nikasinzia? Au vilikuwa vikombe viwili? Niliikumbuka jioni ile mara nyingi mpaka ikachakaa, nikawa sijui tena mkono wangu ulifanya nini. Nikimwona mwanamke anamtupa mtoto wake juu na kumdaka, nilikuwa natoka nje.

Kuna mambo mawili ya Mama Mkunga ambayo sikuyaelewa wakati huo. La kwanza ni jina. Kwetu mwanamke anaitwa kwa mtoto wake, na mtoto akifa hivyo, watu wanaliacha lile jina kwa haya. Eliza alipozaliwa, kijiji kizima kikahamia kwenye Mama Eliza, kwa haraka, kama watu waliopata mahali pakavu pa kukanyaga. Mama Mkunga peke yake aliendelea kuniita Mama Yona. Alinizalisha Eliza huku akiniita hivyo: sukuma, Mama Yona, usinikazie miguu, Mama Yona. Nilidhani ananitesa kwa makusudi.

La pili ni kitambaa. Nilipoanza kumpeleka Eliza kwenye mizani, nilimwona anakikunja kama zamani, lakini safari hii akakilaza chali. Mama mmoja asiye na woga akamkumbusha kwamba alitufundisha kifudifudi. Akajibu kwamba alisema kifudifudi, na sasa anasema chali, na mwenye masikio asikie. Hakueleza zaidi, na hakuna aliyethubutu kuuliza zaidi. Aliyemlaza mtoto wake kifudifudi tangu hapo alirudishwa nyuma ya mstari. Mimi nilimlaza Eliza chali. Nilikuwa bado mwanafunzi mzuri.

Kisha mume wangu akapata kazi ya barabara, tukahama, tukaja kukaa Ilomba, nje kidogo ya Mbeya mjini. Wakati huo Ilomba ilikuwa mashamba zaidi kuliko nyumba. Nilifurahi kuwa mahali ambapo hakuna aliyenijua. Nilizaa mwingine, nikalima viazi, nikajifunza maneno ya Kisafwa ya kutosha kugombana na majirani. Yona nilimtaja kwa Mungu peke yake.

Miaka ya hamsini ilikuwa inakaribia kwisha jirani aliponiambia kwamba kuna bibi mmoja amehamia upande wa Mwanjelwa, kwa mtoto wa dada yake, bibi kutoka Iringa, mgomvi ajabu, anawasimamisha kina mama njiani na kuwauliza watoto wao walilala wapi. Sikuhitaji kuuliza jina. Sikulala, na kulipokucha nikamfunga mwanangu mgongoni nikaenda.

Nilimkuta amekaa juani, nje ya mlango, miguu imevimba, ile mikono mikubwa imelala mapajani haina kazi. Nikamwamkia shikamoo. Akanitambua papo hapo.

"Marahaba, Mama Yona," akasema. "Fungua nimwone huyo."

Nilimfungua mwanangu nikampakata mwenyewe, sikumpa. Yeye akaanza kuniuliza habari za Kilolo, nani amekufa, nani amezaa, kama watu waliokutana sokoni. Nilijibu kidogo, kisha nikaona nikiendelea kujibu nitarudi nyumbani nilivyokuja.

"Mama, nimekuja kwa neno moja tu," nikamwambia. "Yona, nilimlalia?"

Alitazama miguu yake. Nadhani alikuwa amelisubiri swali lile kwa miaka yote ile, maana hakuuliza ninasema nini.

"Hukumlalia," akasema.

"Umejuaje?"

"Uso yake ilikuwa na alama ya gunia. Shavu, na kipaji, na pua imelala. Na damu yote ilikuwa imeshuka mbele, kifuani. Kitandani kwako hapakuwa na gunia. Yule mtoto alikufa sandukuni, kifudifudi, vile nilikufundisha mimi."

"Ulijua lini?"

"Pale pale. Nilipomgeuza dirishani."

Nilidhani siku nikisikia maneno hayo nitalia, au nitapiga magoti. Nilihisi hasira tu, hasira safi, haina kitu kingine ndani yake. Nikamuuliza kwa nini. Alinijibu bila kupandisha sauti, na bila kunitazama. Alisema nyumba ilijaa watu, na mama mkwe wangu alikuwapo, na angetamka kwamba mtoto amefia sandukuni, masanduku yote ya bonde lile yangekuwa kuni kabla jua halijazama. Watoto wangerudi chini ya mablanketi, na ulanzi ndio kwanza ulikuwa unaanza.

"Niliwafikiria wale wote," akasema. "Wewe ulikuwa mmoja."

"Na ulipoanza kufundisha chali? Ungeweza kusema hapo."

"Ningesema kwamba nilikosea, nani angenisikia tena? Nilirekebisha. Wamepona."

Labda walipona. Siwezi kumnyima hilo. Wajukuu zangu leo wanafundishwa kuwalaza watoto chali, na mimi nikisikia hivyo nanyamaza, kwa sababu najua somo hilo lilianzia wapi kwetu na nani alililipia. Lakini siku ile sikuwa na wajukuu. Nilikuwa na mtoto mapajani, na mwingine kaburini, na kanisa zima lililonisikia nikijiita muuaji.

Nikamwambia alirekebisha kitambaa, mimi hakunirekebisha. Akasema jambo ambalo nadhani kwake lilikuwa kubwa.

"Nimekuita Mama Yona siku zote. Sijaacha hata mara moja."

Nikamwambia hilo halikutosha.

"Najua," akasema.

Nilimfunga mtoto mgongoni nikaondoka bila kuaga. Aliniita mara moja, sikugeuka. Nilisikia baadaye kwamba alikufa mvua zilizofuata, na kwamba watu walitoka hata Iringa kuja kumzika. Mimi nilikuwa Ilomba, si mbali, na nilipalilia viazi vyangu.

Lakini siku ile njiani nilitembea haraka, karibu nikimbie. Nilikuwa nimebeba kitu cha kumpelekea mume wangu. Alikuwa uani ananoa jembe, nikamwambia aache. Nikamweleza yote: gunia, alama shavuni, damu iliyoshuka, dirisha, maneno ya Mama Mkunga kama alivyoyatamka. Nikamwambia sikumlalia mtoto wetu. Aliniacha nikamaliza, kama kawaida yake, hakunikatiza hata kidogo. Kisha akaniwekea mkono begani, kwa upole ule ule.

"Mama Eliza," akasema, "usijisumbue na hayo. Mimi nilishakusamehe zamani."